Anemoni mgeni amelegea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wafugaji wa akwariamu za maji chumvi Uganda

Ukurasa huu unamhusu anemoni (mnyama laini wa baharini mwenye minyiri, anayejibandika kwenye mawe) aliyeingia tangini siku au wiki chache zilizopita na haonekani vizuri. Vipimo vyote vinamlenga anemoni mwenye ncha za mapovu (Entacmaea quadricolor), kwa kuwa ndiye anayefugwa zaidi na ndiye mstahimilivu kuliko wenzake. Pale aina nyingine inapotofautiana, tumesema. Mwenye haraka asome swali la 1 hadi la 3, aache mengine kwa jioni.

## Ni mchovu au ni mgonjwa?

1. Nimemtia jana na leo amesinyaa kabisa. Anakufa?

Huenda amechoka tu. Anemoni hana mfupa hata mmoja. Umbo lake lote ni maji aliyoyajaza mwilini. Akitaka kuyabadilisha huyatoa yote, akabaki kama soksi iliyoloa, kisha baada ya saa chache hujijaza tena. Aliyetoka safarini hufanya hivyo mara kwa mara, hata mara mbili au tatu kwa siku. Hutoa pia nyuzi za ute wa kahawia mdomoni. Huo ni uchafu pamoja na mwani unaoishi mwilini mwake (swali la 14), alioutupa. Unyonye kwa mpira mwembamba basi.

Usimpime kwa kusinyaa, mpime kwa mdomo na mguu. Mdomo uliofumba vizuri, hata mwili ukiwa umelala, unakupa muda. Mdomo uliobaki wazi siku nzima hadi unaona ndani, au nyama za tumboni zikitokeza nje, ni dalili mbaya. Mguu ulioshika jiwe ni habari njema. Mguu unaoelea bila kushika chochote baada ya siku mbili au tatu, au wenye mpasuko, si habari njema hata kidogo. Minyiri nayo isomwe: iguse kwa kijiti cha plastiki. Ikinata, bado ana nguvu.

Anayesinyaa na kujaa, mwache. Anayepitisha saa 24 bila kujaa hata kidogo, nenda swali la 3.

2. Nitajuaje kwamba amekufa kweli?

Kwa pua. Mtoe kwa kikombe, mlete karibu. Aliyekufa ananuka kama yai viza na nyama yake inakatika vidoleni kama kamasi. Aliye hai, hata awe hoi vipi, ananuka bahari na mwili wake una ukinzani ukimgusa.

Usimwache aliyekufa tangini usiku kucha. Mwili wake huoza kwa saa chache na kuachia amonia (sumu itokanayo na uozo) ya kutosha kuua samaki wote kwenye tangi la lita 100. Mtoe, nyonya mabaki yote, badilisha maji asilimia 30, weka kaboni (makaa maalumu ya kunasa sumu) mpya kwenye kichujio, pima amonia tena kesho yake asubuhi na jioni.

3. Nifanye nini kwanza?

Pima kabla ya kugusa. Kwa mpangilio huu: joto, chumvi, amonia, naitraiti (sumu inayotokana na amonia), alkalini (uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe), naitreti (mabaki ya mwisho ya amonia, yenye makali kidogo). Andika namba kwenye karatasi na saa uliyopima. Kama kuna amonia au naitraiti yoyote, badilisha maji asilimia 25 hadi 30 leo, na robo nyingine kesho. Kama chumvi imekosea, irekebishe polepole, isiyozidi 0.001 ya uzito mahususi (uzito wa maji ya chumvi ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi) kwa siku. Kama namba zote ni nzuri, punguza mwanga, hakikisha pampu zimefunikwa (swali la 12), kisha weka mikono mfukoni.

Hili la mwisho ndilo gumu. Jumatatu anahamishwa jiwe, Jumanne analishwa kwa nguvu, Jumatano taa zinaongezwa, Alhamisi anamiminiwa iodini aliyosifiwa na jirani. Ijumaa anakufa na hakuna anayejua kipi kilimuua. Badilisha kitu kimoja, subiri siku mbili, pima tena.

## Maji

4. Namba sahihi ni zipi?

Joto nyuzi 25 hadi 26.5. Uzito mahususi 1.025 hadi 1.026, yaani gramu 35 za chumvi kwa kilo ya maji. pH 8.1 hadi 8.4. Alkalini 8 hadi 11 dKH (kizio cha kupimia alkalini). Kalisi 400 hadi 450 na magnesi 1,250 hadi 1,350, zote kwa miligramu kwa lita. Amonia na naitraiti sufuri. Naitreti 2 hadi 20. Fosfeti chini ya 0.1.

Namba kutulia kuna uzito kuliko namba kuwa nzuri. Tangi linalokaa 1.024 mwezi mzima ni bora kuliko linalopanda 1.027 na kushuka 1.023 kila wiki. Chanzo cha kupandashuka huko karibu kila mara ni maji yanayovukiza: chumvi haivukizi, hubaki. Kwa hiyo maji yaliyopungua hujazwa kwa maji yasiyo na chumvi, kila siku, kwa alama uliyochora kwenye kioo.

Vipima chumvi vya sindano ya plastiki hudanganya. Nunua refraktomita (kifaa kinachopima chumvi kwa kupinda kwa mwanga), na uirekebishe kwa kimiminika maalumu cha gramu 35, si kwa maji ya kawaida peke yake.

5. Chumvi ya Katwe ni ya asili na ni rahisi. Kwa nini nisiitumie?

Kwa sababu haikutoka baharini. Ziwa Katwe limo ndani ya shimo la volkeno, na maji yake yamejaa kaboneti na salfeti kwa uwiano ambao mnyama wa bahari hajawahi kuuona. Ukiyeyusha chumvi hiyo utapata namba nzuri kwenye refraktomita na maji yasiyofaa kitu. Refraktomita inaona wingi wa chumvi, haioni aina yake.

Chumvi ya mezani ni hivyo hivyo: karibu yote ni kloridi ya sodiamu, haina kalisi wala magnesi ya kutosha. Inayofaa ni chumvi ya akwariamu ya baharini tu. Kwa wastani inahitaji gramu 36 kwa lita, kwa hiyo lita 20 zitakula gramu 720 hivi. Kila chapa hutofautiana kidogo, soma mfuko.

6. Nichanganye na maji gani?

Maji yaliyochujwa kwa mtambo wa osmosisi wenye resini mwishoni, yanayosoma sufuri kwenye kipimo cha TDS (wingi wa vitu vilivyoyeyuka majini). Mengine yote ni kubahatisha, kwa viwango tofauti.

Maji ya bomba yana klorini. Dawa ya kuondoa klorini inaondoa hiyo tu, haigusi metali wala fosfeti. Maji ya mvua yaliyopita juu ya mabati yana zinki, na zinki ni sumu kwa wanyama wasio na uti wa mgongo. Maji ya kisima hubadilika kutoka kilima hadi kilima. Maji ya kunywa ya chupa yana madini. Usipokuwa na mtambo, maji yaliyotoneshwa (distilled) yanafaa, lakini ukiyanunua kwa wauza betri soma lebo mara mbili: chupa ya maji ya betri na chupa ya asidi husimama rafu moja.

Changanya kwenye ndoo au pipa lililo wazi, kwa pampu na hita, saa 24. Jerikeni halichanganyi vizuri, na lililowahi kubeba mafuta ya kupikia au sabuni ya maji halisafishiki kamwe.

7. Nikiletewa maji halisi ya bahari kutoka Mombasa je?

Yakikaa siku mbili ndani ya jerikeni lililofungwa, viumbe wadogo waliomo hufa, hewa huisha na amonia hupanda. Gharama ya kusafirisha kilomita zaidi ya 1,100 ingekununulia chumvi ya miezi kadhaa. Hatushauri.

8. Kampala iko juu. Mwinuko una shida yoyote?

Ndiyo, na wengi hawaujui. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yake hubeba oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 13 kuliko maji ya joto lile lile Mombasa. Kabale, karibu mita 2,000, upungufu unafika asilimia 20. Anemoni mzima hauhisi sana. Aliyelegea, ndani ya tangi lenye samaki wengi na uso wa maji uliotulia, anauhisi usiku, mwani ukiwa umeacha kutoa oksijeni. Elekeza pampu moja juu ili uso wa maji uchafuke, na acha skima (chombo kinachotoa uchafu kwa povu) iwake saa zote.

Baridi nayo ipo. Usiku wa mvua tangi lisilo na hita linaweza kushuka hadi nyuzi 22 na mchana likarudi 26. Hita ya wati 100 kwa lita 100 inatosha.

9. Umeme ukikatika kwa muda wa saa nane?

Giza halimuui, anaweza kukaa siku mbili au tatu bila taa. Kinachotangulia kuisha ni oksijeni. Betri uliyonayo iendeshe pampu moja ya mkondo kwanza, hita baadaye, taa mwisho kabisa au zisiwashwe. Pampu ya wati 10 kwa saa nane hula wati-saa 80. Betri ya volti 12 ya ampea-saa 20 inaibeba bila kuchoka. Asiye na betri anunue pampu ya hewa ya mawe ya tochi, aiweke karibu na tangi, si stoo.

Kabla umeme haujarudi, angalia anemoni yuko wapi. Pampu inayowaka ghafla ndiyo humnasa aliyekuwa akitembea gizani.

## Kufika na kutulia

10. Amekuja kwa basi, saa 24 na zaidi ndani ya mfuko. Nimzoeshe maji kwa saa ngapi?

Si nyingi. Ndani ya mfuko uliofungwa, hewa chafu ya pumzi hushusha pH, na pH ikiwa chini amonia iliyomo haina makali. Ukifungua mfuko, hewa hiyo hutoka, pH hupanda, na amonia ile ile inageuka sumu ndani ya dakika. Kumdondoshea maji saa tatu ndani ya uchafu huo ni kumtesa.

Acha mfuko uliofungwa uelee tangini dakika 20 ili joto lilingane. Fungua, pima chumvi ya maji ya mfuko. Tofauti ikiwa chini ya 0.002, mhamishe mara moja. Ikizidi, mdondoshee maji ya tangi kwa mpira mwembamba uliofungwa fundo, matone mawili au matatu kwa sekunde, dakika 30 hadi 45. Maji ya mfuko yamwage, yasiingie tangini. Mshike kwa kiganja chenye glavu iliyoloa. Sumu ya minyiri huwasha ngozi ya baadhi ya watu, na ya anemoni zulia (aina nyingine, pana na bapa kama zulia) huunguza hasa.

Kutoka stendi hadi nyumbani, mfuko uwe ndani ya boksi la stairofomu. Kuuning'iniza juani kwenye usukani wa boda kunaharibu kazi yote ya msafirishaji.

11. Hatulii, anazunguka tangi zima. Nimrudishe nilipomweka?

Usimrudishe. Anatafuta mwanga, mkondo na ufa wa kuficha mguu, na anajua kuliko wewe. Wiki mbili za kutembea ni za kawaida. Siku ya kwanza mweke kwenye ufa wa jiwe, zima pampu dakika 30 hadi ashike, kisha mwache. Anayepanda juu anataka mwanga zaidi; anayejificha chini ya jiwe huenda mwanga ni mkali au mkondo unampiga usoni.

Kama lazima ahame, usimvute. Kipande cha barafu nyuma ya kioo alipobandika humfanya aachie mwenyewe. Kwenye kioo laini, kadi ya plastiki isiyo na makali ipitishwe chini ya mguu polepole, pembeni kwenda katikati. Mguu ukichanika, bakteria wanaingia.

12. Amenaswa na pampu. Kuna tumaini?

Zima umeme, fungua pampu, mtoe bila kukata. Akiwa amepoteza minyiri au kipande cha pembeni lakini mdomo na mguu ni vizima, wengi hupona. Badilisha maji robo, weka kaboni, usimlishe siku tano. Akiwa ametoka vipande, tazama swali la 2.

Kinga ni ya bei ndogo: sponji laini au wavu wa plastiki juu ya kila tundu linalonyonya, uoshwe kila wiki. Tungependa kila mtu aifanye kabla anemoni hajanunuliwa.

13. Samaki klauni (samaki mdogo anayeishi kati ya minyiri ya anemoni) hamwachi apumzike.

Mtenge samaki kwa kioo au wavu hadi anemoni ajae kila siku na minyiri inate. Samaki wakubwa wawili wanaweza kumsugua mdogo hadi asifunguke. Anemoni hahitaji klauni kuishi. Na usishangae klauni akimpuuza: Amphiprion allardi wa pwani yetu ya Afrika Mashariki humjua mwenye mapovu, lakini klauni wa aina ya ocellaris aliyezaliwa kwenye mabwawa ya biashara huenda asimtambue miezi mingi.

## Mwanga na chakula

14. Amekuwa mweupe. Duka lilisema ndiyo rangi yake.

Weupe si rangi yake. Rangi ya kahawia au kijivu chini ya ngozi ni mwani wa hadubini unaoishi ndani yake na kumpa sehemu kubwa ya chakula. Joto, giza la safari au mwanga mkali wa ghafla humfanya autupe. Anabaki mweupe, mzuri machoni, mwenye njaa.

Kosa la kawaida ni kumwashia taa zote ili mwani urudi. Mwani mchache uliobaki huungua. Anza na asilimia 40 ya nguvu ya taa, saa nane kwa siku, ongeza asilimia kumi kila wiki. Mwenye kipimo cha PAR (kiasi cha mwanga ambao mwani unaweza kuutumia) aanze 100 na kufika 200 baada ya wiki tano au sita. Wakati huo chakula ndicho kinambeba (swali la 16). Rangi hurudi kwa miezi, na huanza kwenye shina la minyiri.

15. Na huyu wa manjano makali kama fulana ya timu?

Mara nyingi amepakwa rangi. Anayepakwa huwa ameshapauka kwanza, na rangi inazuia mwanga. Mtunze kama wa swali la 14, usinunue mwingine wa aina hiyo.

16. Nimlishe nini, na kiasi gani?

Kamba wa bahari mbichi, ngisi au kome, waliogandishwa bila chumvi wala viungo. Yeyusha, osha, kata kipande cha ukubwa wa punje ya njegere. Kwa mweupe, vipande hivyo mara mbili au tatu kwa wiki; kwa mwenye rangi, mara moja inatosha. Subiri awe amejaa, zima pampu, gusisha chakula kwenye minyiri, usikisukume mdomoni. Kama uduvi msafishaji anamwibia, mfunike kwa nusu ya juu ya chupa ya maji iliyokatwa, kizibo kimetolewa, dakika 20.

Sangara na mukene si sumu, ila ni samaki wa maji baridi na mafuta yao hayafanani na ya chakula cha baharini. Mukene waliokaushwa chini huja na mchanga pia. Waachie kuku.

17. Anameza, halafu kesho yake anatapika.

Kipande ni kikubwa au bado hana nguvu. Ondoa kilichotapikwa, acha siku tatu, jaribu nusu ya ukubwa. Anayetapika hata kipande cha ukubwa wa punje ya mtama asilishwe. Rudi swali la 3. Aliyesinyaa au aliyeachama mdomo halishwi kamwe, maana chakula kitaozea ndani.

## Dawa na mambo magumu

18. Siprofloksasini (antibiotiki) inaponya?

Inaponya maambukizi ya bakteria, basi. Huwasaidia hasa anemoni wa aina ya Heteractis magnifica na anemoni zulia waliotoka safari ndefu, wanaosinyaa na kujaa siku kadhaa mfululizo na mdomo unaozidi kulegea huku maji yakiwa safi. Mwenye mapovu mara nyingi haihitaji.

Hufanywa ndani ya chombo cha pembeni, kamwe si tangini, kwa sababu huua bakteria wanaokusafishia maji. Kipimo wanachotumia wafugaji ni miligramu 250 kwa lita 38. Kwa ndoo ya lita 20 ni robo ya kidonge cha miligramu 500, kilichosagwa na kuyeyushwa. Chombo kiwe na hita, pampu ndogo, bila kaboni. Dawa iwekwe taa zikizimwa, kwa kuwa mwanga huivunja. Kila siku maji yote yabadilishwe kwa maji mapya ya joto na chumvi ile ile, na dawa iwekwe upya, siku saba.

Piga hesabu kabla ya kuanza: lita 140, chumvi kilo tano. Anayeishiwa siku ya nne amemtesa mnyama na kufundisha bakteria kuizoea dawa. Hii ni dawa ya watu ya cheti. Zungumza na daktari wa mifugo, usibebe mabaki ya kabati la nyumbani.

19. Nilitibu madoa meupe ya samaki mwezi jana kwa dawa ya shaba. Ina uhusiano?

Ndiyo, na huenda hilo ndilo jibu la yote. Shaba huua anemoni kwa kiwango ambacho samaki hahisi, na hunywewa na mawe na mchanga kisha kutoka polepole. Mhamishe kwenye chombo safi leo, weka resini ya kuondoa shaba, pima hadi isome sufuri wiki kadhaa.

20. Makaa ya sigiri yanaweza kuwa kaboni ya kichujio?

Hapana. Hayajachomwa kwa namna ya kufungua vitundu vya kunasa sumu, na hutoa majivu yanayopandisha pH.

21. Amegawanyika wawili. Amepona?

Mwenye mapovu hugawanyika akishiba, na hugawanyika pia akiteseka. Ikitokea siku chache baada ya kufika au baada ya chumvi kuyumba, hesabu ni mateso. Waache wote wawili bila chakula wiki moja hadi midomo ifumbe, kisha walishe vipande vidogo mno.

22. Amekufa. Lini ninunue mwingine?

Kwanza pata sababu kutoka karatasi yako ya vipimo. Tangi lisilotimiza miezi sita lisubiri litimize, kwa sababu namba zake bado zinacheza. Tangi la zamani lisubiri amonia na naitraiti zikae sufuri wiki nne na alkalini isiyumbe zaidi ya 0.5 dKH. Kuingiza mnyama hai wa majini kunahitaji kibali cha wizara inayosimamia uvuvi, basi mwulize muuzaji karatasi zake. Na usichume mwenyewe ukienda likizo: Watamu, Malindi na Kisite ni hifadhi za taifa za bahari za Kenya, na kuchukua kiumbe humo ni kosa.

23. Pale alipofia wameota vianemoni vidogo vya kahawia, vingi. Ni watoto wake?

Karibu hakika ni Aiptasia, magugu ya tangi, na waliingia na jiwe. Wana shina jembamba linalopitisha mwanga na hujifyata kwenye tundu ukisogeza kidole. Usiwakwangue; kila kipande cha mguu kinachobaki huota mpya. Zima pampu, wachome mdomoni kwa sindano yenye uji mzito wa hidroksidi ya kalisi, wasiozidi watano kwa siku ili pH isiruke, na uwamalize kabla anemoni mwingine hajaingia.